Wimbo ule wa Obama ulikuwa wa shukrani, si wa kampeni

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu bendi za roki za kujitegemea zilizochota muziki wa Afrika yalinifurahisha hadi nilipofika kwenye aya ya Extra Golden. Mwandishi wenu aliimaliza bendi hiyo kwa sentensi mbili: kwamba ni Wamarekani wawili waliopenda benga, muziki wetu wa magitaa wa Kiluo, na kwamba mwaka 2008 walitoa wimbo wa kumpigia Obama kampeni. Akafunga ukurasa.

Wimbo huo ninao. Mpwa wangu aliniletea CD alipokuja likizo kutoka masomoni, na nimeisikiliza hadi imeanza kurukaruka. Uko kwenye Hera Ma Nono, albamu yao ya pili, iliyotoka 2007, na kisa chake ni cha 2006. Bendi ilialikwa kupiga kwenye tamasha la muziki wa dunia mjini Chicago. Wamarekani walikuwa kwao tayari. Waliokwama ni wenzao Wakenya wa bendi hiyohiyo, na kilichowakwamisha ni viza. Msomaji yeyote wa Kisumu aliyewahi kuomba viza ya Marekani anajua habari hiyo, nisimchoshe. Ofisi ya seneta wa Illinois, ambaye jina lake lilikuwa Barack Obama, ikaingilia kati, watu wakapata karatasi zao, wakapanda ndege, wakapiga. Walipokwenda kurekodi tena wakamshukuru kwa jina.

Najua ni rahisi kukosea. Albamu ilipotoka Obama alikuwa ameshatangaza kuwania urais, na baada ya hapo kila kitu kilichobeba jina lake kilionekana ni cha kura. Lakini sisi tuliolelewa na benga tunajua kwamba wimbo usiotaja majina ya watu haujaiva. Mwanamuziki atamtaja aliyemlipia nauli, atamtaja mwenye baa, na mke wa mwenye baa asije akanuna. Kuna na pakruok: mtu anasimama muziki ukiwa motoni, anatoa pesa zake, anajisifu au anamsifu rafiki yake mbele ya wote, kisha gitaa linarudi pale lilipoachia. Obama aliingia kwenye wimbo kwa mlango huohuo. Tofauti ni kwamba mchango wake haukuwa pesa.

Tena benga ikitaka siasa haiendi hivyo. D.O. Misiani, nguli wa benga, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, tuliyempoteza mwaka huohuo wa 2006, alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake, na mara nyingi alikuwa amezifunga kwa mafumbo na visa vya Biblia. Aliyetaka kuelewa alielewa. Kwa hiyo nikisikia benga inataja jina la mwanasiasa waziwazi, tena kwa raha, jambo la kwanza ninalojiuliza ni huyu bwana amewafanyia nini hawa.

(Kwa wanaopenda vichekesho: albamu yao ya kwanza ina wimbo uitwao Osama Rach, yaani Osama ni mbaya. Mwandishi wenu angeuona huo, sijui angeandika nini.)

Sasa nije kwa hao "Wamarekani wawili". Ni kweli, Ian Eagleson alikuja Kenya kufanya utafiti wa benga kwa ajili ya shahada ya uzamifu, na Alex Minoff alikuwa mwenzake katika bendi ya roki iliyoitwa Golden. Lakini mwaka 2004 hawakurekodi peke yao. Walirekodi na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa, na Onyango Wuod Omari kwenye ngoma, watu wa Orchestra Extra Solar Africa. Chukua Extra ya huku, chukua Golden ya kule, jina la bendi limepatikana. Hata kabla ya kusikia noti moja, jina lenyewe linakataa hesabu ya watu wawili.

Na noti zenyewe zinakataa. Gitaa la solo la benga hudonoa sauti mojamoja, mbiombio, kama vidole juu ya nyuzi nane za nyatiti, kinubi cha Kiluo. Besi haikai nyuma kusubiri. Inaruka, inajibu, wakati mwingine inagombana na mwimbaji. Maneno huja kwanza, kwa utaratibu, halafu mwimbaji ananyamaza na magitaa yanachukua uwanja. Enzi za santuri ndogo ilibidi uigeuze upande wa pili ili usikie hiyo sehemu tamu. Mpiga roki anayezoea kukwaruza gitaa lake kwa nguvu ana kazi ya kujifunza kuachia nafasi hapo. Kwenye albamu ya kwanza, Ok-Oyot System, unawasikia wakijifunza, na Otieno ndiye anayeongoza njia. Kuna wimbo wa Kiingereza unaosema si rahisi, na unaofuata unasema hivyohivyo kwa Dholuo, lugha ya Waluo. Mimi huupenda huo wa pili. Wa kwanza unaeleza tu.

Otieno alifariki 2005. Albamu ilitoka 2006 kupitia Thrill Jockey, lebo ya kujitegemea ya huko Chicago. Kwa hiyo mtu aliyeibeba sauti ya bendi hiyo hakuiona CD yake ikiuzwa, na safari ile ya Chicago iliyozaa wimbo wa Obama haikumkuta. Opiyo Bilongo, mwanamuziki wa benga ambaye mashabiki hawahitaji kutambulishwa kwake, akaingia, na bendi ikaendelea. Hilo ndilo lililoniudhi katika sentensi zenu mbili: aliyekufa hakupewa hata neno.

Albamu ya tatu ni ya 2009. Katikati yake na ile ya pili kulikuwa na uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zilizofuata, na familia za wanabendi huku nyumbani zilikuwa taabani. Mashabiki na marafiki wa ng'ambo wakachanga pesa. Albamu ikaitwa Thank You Very Quickly, Kiingereza cha mtu anayeshukuru huku anakimbia. Kati ya albamu zao tatu, mbili zina deni la shukrani ndani yake, moja la viza, jingine la chakula na usalama, na yote mawili yamelipwa kwa wimbo kama benga ilivyozoea kulipa.

Sikatai kwamba bila hao Wamarekani lebo ya Chicago isingeisikia bendi hii. Nasema tu kwamba mlango wa Chicago si bendi.

Naomba mchapishe masahihisho mawili. Wimbo ni wa 2007 na unahusu viza za 2006. Na kwenye orodha ya waanzilishi ongezeni Otieno Jagwasi na Onyango Wuod Omari.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Kondele, Kisumu