Barua kwa mdogo wangu, aliyeniuliza "kwa nini kila Septemba?"

Mdogo wangu,

Juzi uliniuliza swali, kisha ukabadilisha mazungumzo kabla sijajibu. Ulitaka kujua kwa nini kila ifikapo tarehe 10 Septemba, Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, naweka kando shughuli zangu na kumsemesha kila atakayenisikiliza. Ulihofia watu watadhani nakusema wewe. Usiku ukanitumia ujumbe: andika, ila usinitaje jina. Basi sikutaji.

Nianze na ile simu. Ulisema umechoka, na kwamba sote tungepumzika kama usingekuwepo. Nikakujibu harakaharaka: usiseme hivyo, jipe moyo, wapo wenye shida kuliko zako. Ukanyamaza kidogo, ukasema sawa. Nikakata simu nikiamini nimekufariji. Kumbe aliyetulizwa usiku ule ni mimi na woga wangu.

Wiki iliyofuata ukagawa vitabu vyako. Ukawa mtulivu, hata ukacheka, na mimi nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi. Sikujua kuwa utulivu wa ghafla baada ya dhiki ya muda mrefu huweza kuwa wa mtu aliyekwisha kuamua, wala kwamba kugawa vitu unavyovipenda huweza kuwa namna ya kuaga. Laiti ningekuwa nimefundishwa hayo mawili tu. Namshukuru jirani yako, aliyeona nisichokiona, akagonga mlango na kukataa kuondoka.

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami nilikuwa naisema sana methali hiyo. Sasa inanikwama kooni. Wewe hukuficha. Ulisema kwa maneno uliyokuwa nayo, mimi ndiye niliyeyafunika.

Kilichonifunga mdomo ni neno lenyewe. Niliogopa kwamba nikitamka "kujiua" nitakuwa nimekutia wazo kichwani, na bado nakutana na watu wazima, wenye elimu na upendo, wanaoamini hivyo. Watafiti wamelichunguza jambo hili mara nyingi, na hawajaona kwamba kumuuliza mtu waziwazi kunamsukuma huko. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Unakumbuka kule wodini? Nilikuuliza, sauti ikitetemeka, "Je, unafikiria kujiua?" Ukashusha pumzi ndefu, ukasema, "Ndiyo. Hata sasa." Yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza ya kweli baada ya miezi mingi, na sikuwa na jibu lolote la maana. Nilikaa tu. Baadaye uliniambia kule kukaa kulitosha kwa siku ile.

Ulinifundisha pia kwamba hali ile huja kama wimbi: hupanda mpaka ukaona hakuna kingine duniani, kisha hushuka. Hukutaka kufa, ulisema, ulitaka maumivu yakome. Ndiyo sababu uliporudi nyumbani ulikuta tumeshaviondoa vitu vya hatari, nawe ukakasirika, ukasema tunakufanya mtoto. Sijutii. Wimbi likipanda, kila kinachomchelewesha mtu kinampa nafasi ya kulishuhudia likishuka.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Zamani namba hiyo ningeisoma na kupita. Siku hizi kila nikiiona nawafikiria ndugu waliosema "jipe moyo" kama mimi, na hawakupata nafasi ya pili ya kuuliza.

Kulikuwa na daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Jerome Motto, aliyekuwa akifanya kazi San Francisco. Tangu mwaka 1969 yeye na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliolazwa kwa sababu ya sonona au hatari ya kujiua, kisha wakakataa kuendelea na matibabu. Wagonjwa hao walikuwa 843. Nusu yao hivi walitumiwa barua fupi, mara kadhaa kwa mwaka kwa miaka mitano: tunakukumbuka, tunatumaini u mzima, ukitaka kutuandikia tutafurahi. Barua hizo hazikuwataka warudi hospitali wala wajieleze. Katika miaka miwili ya mwanzo, waliopokea barua walijiua wachache kuliko wasiopokea. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi kuliko nitakavyokiri kwako. Ndipo zilipoanzia zile jumbe zangu fupi ambazo huzijibu.

Usizijibu. Sizitumi ili ujibu.

Watasoma hapa na wengine, na huenda mmoja wao yuko pale ulipokuwa wewe. Kwake nasema: mwambie mtu mmoja leo, kwa neno lenyewe, bila kulizungusha. Wa kwanza akikujibu vibaya kama nilivyojibu mimi, mwambie wa pili. Ukihisi huwezi kujizuia, nenda hospitali iliyo karibu sasa hivi, au mwite mtu akae nawe mpaka mfike.

Na wewe, mdogo wangu, Jumamosi nitapiga simu kama kawaida. Nitakuuliza habari za kazi, na usingizi, na lile swali jingine pia, kwa jina lake. Usipopokea, nitapiga tena Jumapili.

Nduguyo