Kisigino kimenitesa bure mwaka mzima

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua. Mimi ni mama muuza mboga hapa Tanga, soko la Mgandini, nasimama kwenye simenti toka asubuhi mpaka jua linazama na ndala zangu zile nyembamba, na naandika kuhusu kisigino maana wenzangu wengi sokoni wanachechemea wakiuliza wanaambiwa uzee huo.

Changu kilianza mwaka jana baada ya Ramadhani. Kuamka alfajiri nikikanyaga tu, lahaula, kama msumari, nashika ukuta mpaka chooni. Nikizungukazunguka kinalegea nasema aah kimepona, nikikaa kufunga mafungu ya mchicha nikiinuka yale yale. Cha ajabu kwenye baiskeli sisikii kitu, natoka Makorora raha mustarehe, nikishuka nikatia mguu chini ndo naikumbuka dunia. Na kwenye tahiyatu, ule mguu wa kulia unavyousimamisha vidole vimekunjwa, weee, nikafika mahali naswali kwenye kiti kama bibi kizee na nina miaka 43.

Duka la dawa wakanipa diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, hakuna aliyeniuliza kama nina vidonda vya tumbo, nikazimeza kama karanga miezi mitatu mpaka tumbo likawa linawaka. Zahanati moja (siitaji) nikapigwa eksirei nikaambiwa kuna mfupa umeota kama mwiba, siku hiyo nililia nikijua napasuliwa. Shangazi yangu yeye alisema nimekanyaga kitu cha kutegewa nikaoge bahari, na hilo la shangazi angalau lilikuwa bure.

Aliyenisaidia ni kijana mmoja wa fiziotherapia, wale wanaotibu kwa mazoezi ya viungo. Alibonyeza kwa kidole gumba pale kisigino kinapokutana na unyayo nikaruka, akacheka, akasema mama hii ni plantafashaitisi. Kumbe chini ya unyayo kuna utepe mgumu unatoka mfupa wa kisigino mpaka vidoleni, ndo unaoshika ule uvungu wa mguu, ukisimama sana kwenye kigumu na kiatu flati unaumia pale ulipojishika, usiku unakaza, asubuhi unauvuta ghafla. Na ule mwiba wa eksirei wapo watu kibao wanao na hawaumwi chochote.

Dawa yenyewe sasa. Kabla sijashuka kitandani napandisha mguu mbovu juu ya goti la pili navuta vidole kuja kwangu mpaka unyayo ukaze kama kamba ya kuanikia, nahesabu 10, narudia mara 10. Halafu nasukuma ukuta, mguu mbovu nyuma, goti limenyooka na kisigino kisiinuke, nusu dakika mara tatu. Jioni chupa ya maji ya nusu lita iliyoganda, jirani anayeuza barafu za ubuyu ananigandishia, naizungusha chini ya unyayo dakika 10 huku nachambua mchele. Ndala nimeacha, nimenunua raba ya mtumba yenye soli nene, na pekupeku hata ndani sitembei. Alinionya ni habari ya miezi siyo wiki, na kweli, mwezi wa pili ndo nikaona nafuu, wa nne nikarudi kuswali chini. Siku za mzigo mwingi bado kinanikumbusha.

Wenye kisukari, au mguu unaovimba au kufa ganzi, hao waende hospitali wasiige langu. Ila nauliza, kumuonyesha mtu kusukuma ukuta ni dakika tano, kwa nini hakuna aliyenionyesha kabla ya vidonge?

Mhariri ukiweza weka na picha ya mtu anasukuma ukuta, nitaikata niibandike kwenye nguzo ya kizimba changu, maana saa hizi kila mteja anayechechemea namuonyesha mwenyewe na muuza nazi wa jirani anasema nitamuangushia meza.

Mama Mboga,
Mgandini, Tanga