Vijana wetu, msiipeleke Pasaka porini

Malindi, 23 Machi 2026

Wajukuu zangu wa kwaya na wa kikundi cha vijana,

Tangazo lenu nililisoma jana pale mlangoni pa ukumbi, mkono mmoja umeshika beseni la mahamri, mwingine miwani. Nikalirudia nikidhani ni macho. Mnasema kuanzia Alhamisi Kuu usiku hadi Jumapili alfajiri, chakula hakuna, maji hakuna. Mahali ni shamba la mtu huko bara, nje ya mji. Simu zitakusanywa. Wazazi wasije. Kisha alfajiri ya Pasaka mtashuka pwani mkiimba, na fulana mpya mwilini, na atakayekuwa ameonja kitu atakaa nyuma bila fulana.

Ningeweza kumwita kiongozi wenu kando, lakini tangazo mmelibandika mbele ya watu wote, basi na jibu langu lisomwe na wote. Najua kuna watakaosema, "Bibi na zamani zake." Haya, tuanze na hizo zamani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa wasichana sita tunashindana, nani atamaliza Kwaresima amekula kidogo kuliko wenzake. Ijumaa Kuu nilitoka nyumbani sijatia kitu mdomoni tangu Jumatano, hata tone la maji. Njia ya Msalaba ilipita barabarani jua likiwa utosini, msalaba tunaubeba kwa zamu. Kituo cha tisa, mnakijua, Yesu anaanguka mara ya tatu. Na mimi nikaanguka hapo hapo. Watu wakadhani ni igizo! Kuna mama aliyelia kwa uchungu, akisema binti huyu anaigiza vizuri. Waligundua si mchezo walipoona damu kidevuni.

Padri alikuwa mzee, mkali kama pilipili. Akaagiza dafu, akaninywesha mwenyewe, halafu akaniuliza swali moja tu: "Leo ulikuwa ukimtazama nani, Bwana Yesu au wale wasichana watano?" Kovu ninalo. Jibu sikuwa nalo.

Ndiyo maana nawauliza, hiyo fulana ya mshindi ni ya nini? Tuachane na fulana, pesa ni zenu. Nauliza kuhusu mshindi.

Kanisa letu Katoliki limeweka siku mbili tu za kufunga kwa sheria, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Sheria inamshika mtu kuanzia miaka 18 hadi atimize 59. Na kufunga kwenyewe ni mlo mmoja kamili na vijimlo viwili, ambavyo hata ukivijumlisha havifiki ule mmoja. Nyama ndiyo ya kuachwa, na hiyo huanzia miaka 14. Maji hayajakatazwa. Mgonjwa na mjamzito hawadaiwi. Mimi sheria imekwisha kuniachilia siku nyingi, nafunga kwa ukaidi wangu tu, na chai ya rangi nakunywa. Katika majina mliyoyaandika pale chini nimeona watoto niliowafundisha komunyo ya kwanza juzi juzi. Wengine hawajafika hata miaka 16. Nani amewapa ninyi mamlaka ya kuwanyima maji siku mbili na zaidi, na mama zao wakiambiwa wasije?

Sasa nitasema lile ambalo kila mzazi aliyesoma tangazo lenu amelifikiria na hakuna aliyelitamka. Shakahola.

Pasaka ya 2023 ilikuwa tarehe 9 Aprili. Tulikula pilau hapa uwanjani, mkacheza ngoma mpaka jioni. Wengine wenu mlikuwa wadogo, mtaikumbuka kwa soda. Kabla Aprili haijaisha, makaburi yakaanza kufukuliwa katika msitu huo wa Shakahola, ulio kwenye kaunti yetu hii hii. Miili ikapita 400, na wengi walikuwa watoto. Watu walikuwa wametoka sehemu mbalimbali za Kenya, wakaambiwa kwamba njaa ingewafikisha kwa Bwana. Kwa hiyo sisi tulipokuwa tukikwangua ukoko wa pilau, kuna waliokuwa wakizimika, wala si mbali. Mambo ya mahakama nawaachia mahakama. Mimi nasema nilichokiona.

Mwaka uliofuata, 26 Machi 2024, Jumanne ya Juma Kuu, familia zikaanza kukabidhiwa maiti zao hapa Malindi. Tulikwenda akina mama wachache na birika za chai ya maziwa, na mahamri niliyokanda usiku. Kulikuwa na mwanamume mmoja ameketi chini ukutani, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni. Nikampa kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, akakitazama. Nikazunguka na beseni langu, nikarudi, bado amekishika. Chai imeshika utando juu. Akaniambia, "Mama, huyu wangu alinyimwa hata hii." Sikuwa na la kumjibu. Nikaketi naye pale chini. Baadaye akaondoa ule utando kwa kidole, akanywa yote, akaomba kingine.

Sisemi kwamba ninyi ni kama wale. Nia yenu naijua, nimewafuta makamasi. Lakini hakuna aliyekwenda Shakahola akiwa na nia ya kufa siku ile ya kwanza. Walikwenda kusali. Shamba mbali na watu, njaa inayogeuzwa daraja la utakatifu, ndugu kuambiwa wakae mbali, mtu mmoja ndiye mwenye kusema lini mtakula: hayo yakikutana mahali pamoja, hata aliyeyapanga akiwa malaika, mimi simpelekei mjukuu wangu. Na mji huu ndio wa mwisho duniani unaoweza kusema haukujua.

Mtaniambia, mbona Waislamu hufunga mwezi mzima? Haya, mmepata mahali pazuri pa kujifunza. Mwaka huu Jumatano ya Majivu na Ramadhani viliingia wiki moja. Jirani yangu wa mlango wa pili, tuliyelea naye watoto, alikuwa akiniletea kaimati, nami nampelekea mbaazi za nazi. Adhana ya magharibi ikianza tu, tende iko mdomoni. Nilimtania siku moja, "Haraka ya nini, nani anakufukuza?" Akanijibu kwamba kwao kuwahi kufuturu ni katika uzuri wa saumu, na kuunganisha siku kwa siku bila kufuturu Mtume aliwakataza. Na usiku wa manane anaamka kula daku. Wanaoijua njaa ya mwezi mzima wameiwekea mlango wa kuingilia na wa kutokea, na wote mtaani wanajua saa ya kuufungua.

Na sisi tunao mlango wetu. Hebu someni tena Injili ya Yohana, sura ya 21. Mitume wamekesha ziwani, nyavu tupu. Kunapambazuka, yuko mtu ufuoni. Huyo ni yeye aliyeteswa, aliyekufa, aliyefufuka. Kama kuna mwenye haki ya kuwahutubia juu ya mateso ni yeye. Hakuwauliza nani kafunga siku ngapi. Petro, ambaye juzi tu alimkana, hakuambiwa akae nyuma. Aliwauliza kama wana kitoweo. Wanafika nchi kavu wanakuta ameshawasha makaa, samaki yuko juu yake, na mkate upo. Akawaita waje wale. Mimi mwenye kuamka saa tisa usiku kuwasha jiko, hapo huwa nasimama kusoma, maana najua kazi ya kuwasha makaa kabla watu hawajaamka. Mikono ile ilikuwa na vidonda bado.

Basi mkitaka Pasaka ya pwani alfajiri, nendeni na jiko.

Maana hilo la pwani, kwa kweli, nalipenda. Jua la Malindi linatoka baharini, hakuna haja ya mahubiri marefu. Lakini nani kati yenu ameuliza habari za maji kujaa na kupwa? Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, ule wa tarehe 21 Machi au baada yake. Mwaka huu mwezi utapea Alhamisi Kuu, 2 Aprili. Na mwezi ukipea, bahari inaingia bamvua, maji yanapanda kuliko kawaida. Jumapili tarehe 5, jua likichomoza maji yatakuwa yamejaa, yako kwenye mizizi ya mivinje, na ule mchanga mliochora kwenye ramani yenu hautakuwapo. Mwaka jana mliponea kwa sababu Pasaka ilikuwa 20 Aprili, mwezi ulishapea wiki nzima kabla, maji mafu, hayapandi sana. Kuna mwaka mmoja, hamjazaliwa, tuliwahi kupanga viti vya plastiki pale chini bila kuuliza mtu. Katikati ya zaburi viti vya mbele vikaanza kuelea, katekista akavifuata na kanzu imemganda magotini. Tulipata tisa, vingine sijui vilifika Unguja.

Pasaka ya mwaka 1498, 15 Aprili, ilimkuta Vasco da Gama hapa hapa, meli zake zimetia nanga mbele ya mji. Mimi si mshabiki wake, na ule mnara wenye jina lake nawaachia wapiga picha. Lakini mtu yule aliyetoka Ureno akazunguka ncha ya Afrika hakung'oa nanga kwenda India mpaka amepata rubani, akaondoka naye tarehe 24. Aliomba anayeijua bahari. Ninyi mnashindwa kutembea hadi mtaa wa Shela kumuuliza mvuvi mmoja? Atawaambia msimame juu, kwenye nyasi, na kwamba mto Sabaki ukishuka na matope ya mvua maji yote ya ghuba huwa mekundu, kwa hiyo msije na wazo la kumzamisha mtu mbele ya kamera.

Ubatizo wenyewe ni Jumamosi usiku. Na hapa ndipo mmenishangaza kuliko kwingine. Usiku mliopanga kuwa porini ndio usiku wenyewe! Mwaka huu tuna wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, kumi na mmoja. Mmoja ni mzee mwenzangu, amejifunza sala kwa miaka miwili kwa sababu herufi hazishiki tena, nami nimekuwa nikimsomea. Moto mpya utawashwa nje, mshumaa wa Pasaka utachorwa msalaba na tarakimu za 2026, utaingia kanisani gizani, na kila mtu atawasha wake kutoka kwa jirani yake. Itaimbwa Mbiu ya Pasaka. Halafu ni Aleluya, ambayo hatujaitamka tangu Jumatano ya Majivu. Nani ataiitikia kama kwaya iko shambani imekauka koo? Sisi bibi? Sauti zetu mnazijua.

Nimeshazungumza na paroko, naye amekubali tuwaombe hivi. Ijumaa Kuu tufunge sote pamoja, hapa uwanjani, mlango wazi, mzazi aingie atakapo. Maji yatakuwepo kwenye mtungi na hakuna atakayehesabu nani kanywa. Mwenye kutaka kuendelea kufunga Jumamosi mpaka mkesha na aendelee, ni desturi nzuri ya kale, ila alale kwao. Na kile ambacho hamkukila kipate mlaji. Msije mkajinyima halafu bei ya unga ikabaki mfukoni. Nabii Isaya kwenye sura ya 58 alilisema hilo kwa ukali kunishinda mimi. Kuna nyumba tatu katika jumuiya yetu ambazo mahindi yao yalikauka msimu uliopita, na sasa mvua za mwaka ziko njiani na hawana mbegu ya kupanda. Majina nitampa kiongozi wenu, si kwa tangazo.

Neno jingine dogo, kabla sijasahau. Jumapili hii ni ya Matawi. Msipande mnazi wa mtu bila ruhusa, na mkiruhusiwa msiguse kilele. Mwaka jana kuna kijana alikata kuti changa pale moyoni, mnazi ukafa, na mwenye mnazi ananinunia mimi.

Jumamosi moto wa mkesha ni kazi yenu. Makuti huwaka kwa kishindo na kuzima kabla padri hajafungua kitabu, na makumbi yatatutoa machozi kwa moshi. Leteni vifuu vikavu, gunia mbili, Ijumaa asubuhi kabla ya Njia ya Msalaba, tuviweke chini ya paa kwani wingu limeshaanza kujikusanya upande wa baharini. Vitakavyobaki tutavitumia pwani. Samaki nimeshaagiza, ni vibua. Changu bei yake mnaijua. Mahamri ni juu yangu. Ila jiko langu la pili limetoboka chini, kwa hiyo mwenye la kuazima aniambie mapema, na msichana wa sauti ya tatu, yule mrefu, aje saa tisa usiku anisaidie kukuna nazi.

Bibi yenu,
mwuza mahamri