Barua kwa mdogo wangu anayetaka kuacha kazi awe mwandishi

Mdogo wangu, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma wote na nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu sio wewe peke yako unayeniuliza, vijana wengi wananifuata wanataka kuacha ajira wawe waandishi wa kujitegemea na wanataka niwaambie kama inalipa. Inalipa. Ila hailipi kwa wakati, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Wewe hapo Mwanza mwisho wa mwezi unajua hela inaingia. Huku kwangu unaandika leo, kazi inatoka wiki mbili mbele, unatuma invoisi, unaambiwa mhasibu yuko likizo, akirudi anataka TIN, ukimpa anasema bosi hajasaini, na hela inakuja miezi mitatu baadae. Mwenye nyumba wa Dar hizo habari za mhasibu hazimhusu, yeye anataka kodi ya miezi sita mkononi, wengine mwaka mzima, na dalali nae anataka chake. Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi uwe umeshalipa nyumba. Na wakikulipa watakata kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo yako, hiyo ni sheria usigombane nao, ila dai cheti chake, maana ukija kufanya hesabu na watu wa mapato, TRA, hiyo inahesabika umeshalipa, na wengi wetu tunaiacha inapotea hivi hivi.

Halafu ujue kinachonilisha sio sanaa. Ni tafsiri, ripoti za mashirika, kuhariri tasnifu za watu, vipeperushi vya chanjo. Sioni aibu hata kidogo, mama akisoma kipeperushi akaelewa ampeleke mtoto lini kliniki, hiyo ni kazi ya uandishi kama nyingine. Hizo ndio zinalipa umeme wa LUKU na bando, na zikinibakizia siku mbili tatu ndio naenda kuandika kuhusu wasanii.

Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Siku hizo naenda Nafasi Art Space pale Mikocheni, ipo tangu 2008, makontena ya meli wameyageuza studio na kila mlango una mtu anafanya yake, huyu anachora, huyu anachomelea vyuma. Unakaa na msanii kutwa anakueleza kwa Kiswahili, tena Kiswahili kitamu kabisa, kwa nini kachagua rangi hii na kwa nini uso wa yule mzee kauacha bila macho. Siku ya ufunguzi wa maonyesho, pale au kwengine mjini, mara nyingi unakuta maelezo ya ukutani ni Kiingereza kitupu. Mama yake msanii katoka Mbagala na kanga mpya, anapita picha moja moja, na hakuna anachoweza kusoma kuhusu mwanae. Inaniuma sana hii. Najua inatoka wapi, hela nyingi ya sanaa hapa mjini inatoka kwenye balozi na mashirika ya nje na wao lazima waelewe hela yao imefanya nini. Lakini yule mama je?

Angalia tulikotoka. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 kule Oysterbay, kwenye hadibodi na rangi za baiskeli, akafariki 1972, miaka minne tu, na mpaka leo kuna watu wanakula kwa staili yake pale karibu na Morogoro Stores. George Lilanga, mchongaji na mchoraji, aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar, kama mlinzi, na mpaka anafariki 2005 kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Sasa jaribu kutafuta maandishi ya kina kuhusu hawa wazee wawili kwa Kiswahili uone utapata kurasa ngapi, wakati watu waliokaa nao baraza moja walikuwepo na ni wachache sana waliowafuata na daftari.

Nenda tamasha la Bagamoyo, panda gari pale stendi ya Makumbusho asubuhi, utaona ngoma na tamthilia za TaSUBa, chuo cha sanaa cha pale, zinazokusimamisha nywele. Kesho yake fungua gazeti, habari ni mgeni rasmi kasema nini! Tamthilia yenyewe haina hata mstari. Ndio maana bahasha ya "nauli" waandaaji wanayowagawia waandishi kwenye shughuli mimi siichukui, maana ukishaipokea huwezi tena kuandika kwamba sehemu ya pili ilichosha na waigizaji walikuwa hawasikiki, na msanii anataka kuambiwa hayo na mtu aliyekaa mpaka mwisho. Wanaosema hatuna bajeti ila tutakutangaza, waambie hapana kwa adabu.

Tuzo zipo. Ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu tangu 2023 inampa mshindi wa kwanza milioni 10 na kitabu kinachapwa, kwa hiyo kama una mswada wa riwaya peleka, ila usiipigie hesabu ya kodi ya nyumba.

Basi kazi usiache mwezi huu. Chukua likizo yako, panda basi uje, godoro lipo. Tutachagua msanii mmoja, utakaa nae mpaka umuelewe, utaandika maneno mia nane kwa Kiswahili. Yeye tutampa ahakiki majina na tarehe tu, sifa na lawama zinabaki kuwa zako, halafu ndio tutafute pa kuuza. Mama mdogo mwambie mimi ndio nimekuita, na akigomba anipigie mimi.