Mbao za Morris Traveller si pambo, ndizo zinazolibeba gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niijibu barua ya msomaji mwenzangu kuhusu magari makongwe ya Kiingereza yenye mbao upande wa nyuma, ambayo machache yake bado yapo Unguja na huku kwetu Pemba, mengine yakitembea na mengine yamelala chini ya miembe. Msomaji huyo, kwa nia njema bila ya shaka, aliwashauri wenye magari hayo wakwangue kutu, wajaze puti, wapake rangi, na pale mbao ilipooza wabandike bati juu yake, kwa kuwa mbao zile kwa maoni yake ni urembo tu. Ushauri huo ukifuatwa utayamaliza magari yaliyobaki, na huenda ukamuumiza mtu njiani. Mimi ni seremala mstaafu wa Wete, na hivi sasa nalitengeneza gari la namna hiyo, aliloliacha marehemu mjomba wangu, katika banda la nyuma ya nyumba yangu.

Kwanza tulijue gari lenyewe. Morris Minor ilitoka Uingereza mwaka 1948, mbunifu wake akiwa Alec Issigonis, na mwaka 1953 ikafuatiwa na Traveller, yenye sehemu ndefu ya kupakilia mizigo na milango miwili ya nyuma inayofunguka kulia na kushoto. Traveller iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1971. Kuanzia nyuma ya milango ya abiria, nguzo na mihimili yake yote ya juu na ya chini ni mbao. Dari limekaa juu ya mbao hizo, vioo vya kusukuma vimo ndani yake, milango ya nyuma imefungwa bawaba juu yake, na mabati ya alumini ya ubavuni yamejaza tu nafasi zilizobaki. Nadhani najua msomaji mwenzetu alikochanganyikiwa. Mbunifu huyo huyo ndiye aliyebuni Mini ya mwaka 1959, na ilipotolewa Mini ya mizigo mwaka uliofuata, nayo ilivalishwa mbao nyuma ili ifanane na ile ya mwanzo. Lakini bodi ya Mini ni bati tupu, na mbao zake zimebandikwa juu tu. Ukizing'oa, gari halina habari. Ukizing'oa za Traveller, dari halina pa kukaa. Ndiyo maana mkaguzi wa magari wa Uingereza, likipelekwa kwake, huweza kulikataa gari hili kwa mbao iliyooza, sawasawa na anavyolikataa kwa bati la chini lililotoboka.

Mti uliotumiwa na Waingereza ni ule wanaouita ash. Sifa yake ni kwamba hupinda bila ya kuvunjika na hustahimili mshituko, na kwa sababu hiyo huko kwao mipini ya mashoka huchongwa kutokana nao; aibu yake ni kwamba hauna kinga yoyote ya asili dhidi ya kuoza, na ukikaa na unyevu huharibika mapema. Huo ndio mti ulioletwa katika visiwa vyenye masika na vuli, na vyenye upepo wa chumvi mwaka mzima, liwe kaskazi au kusi. Chumvi iliyotua juu ya gari huvuta unyevu wa hewani hata siku isiyokuwa na mvua, kwa hiyo bati la pwani huwa limelowa wakati mwenyewe analiona kavu.

Mahali pabaya kuliko pote ni mfereji wa vioo vya ubavuni. Maji yanayoingia hapo yanatakiwa yatoke kwa vitundu vidogo vilivyo chini, na vitundu hivyo huziba kwa vumbi na majani, basi maji hukaa juu ya muhimili wa chini na kujipenyeza hadi kwenye viungo. Gari la mjomba kwa nje lilikuwa bado lina vanishi yake. Nilipoikandamiza ncha ya bisibisi chini ya mfereji wa kioo cha kushoto, ilizama mpaka kwenye mpini, na nilipoivuta ikatoka na unga mweusi uliolowa, wenye harufu ya uvundo. Chini ya mbao hiyo, bati la sakafu lilikuwa limefura tabaka juu ya tabaka, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na kule kufura kuliisukuma nguzo juu hadi mlango mmoja wa nyuma ukawa haukubali kufungwa. Fundi asiyejua angeliupiga randa ule mlango. Ubovu ulikuwa kwenye sakafu, mlango ulikuwa haudaiwi chochote.

Sasa tuje kwenye puti. Kazi ya puti ni kusawazisha uso wa bati zima kabla ya rangi. Haibebi uzito, na juu ya kutu iliyo hai haidumu. Jirani yangu mmoja alilipeleka gari lake katika gereji ambayo sitaitaja, likarudi linang'aa, na mbao za nyuma zimefunikwa bati jembamba lililopakwa rangi ya mbao. Masika ya kwanza yalipopita, rangi ilianza kutoka malengelenge, na bati lile lilipobanduliwa ilionekana kuwa lilifungia unyevu ndani na kumaliza hata mbao iliyokuwa nzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na gari nalo halikuachwa nje ya hukumu hiyo.

Anayetaka kulitengeneza gari hili nyumbani aelewe kwamba halina chesisi, yaani fremu ya chini, ya peke yake kama lori. Sakafu, mihimili ya chuma iliyo chini ya milango na kuta za mbele zimeungana kuwa kitu kimoja, na kila kimoja kinategemea chenziwe. Akikata muhimili wa chini ya mlango wakati gari limening'inia juu ya jeki moja, bodi hulegea katikati, na akishachomelea bati jipya huwa amelifunga gari katika upotofu wake. Gari liwekwe juu ya vigogo au stendi imara, lipimwe kwa pima maji, na kabla ya kukata chochote apime kwa kamba kutoka pembe hadi pembe ya nafasi ya mlango na kuandika vipimo ukutani kwa chaki. Akate upande mmoja, aumalize, ndipo auguse wa pili. Bati la kiraka lichomelewe kwenye chuma kizima kinachong'aa. Kuchomelea juu ya kutu ni kupoteza umeme. Na tangi la petroli, ambalo katika gari hili liko chini ya sakafu ya nyuma, ling'olewe na kupelekwa mbali kabla ya cheche ya kwanza, kwani tangi tupu lenye mvuke ni la hatari kuliko lililojaa, na hapo juu yake pana mbao kavu.

Mahali ambapo kutu ni ya juu juu na bati lingali na nguvu, brashi ya waya na msasa vinatosha, kisha dawa ya kugeuza kutu, kisha praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, siku hiyo hiyo kabla hewa ya usiku haijaligusa bati. Baadhi ya dawa hizo zina asidi ya fosforiki, nyengine zina tanini, ambayo ni ile ile iliyomo katika magome ya mikoko yaliyokuwa yakisafirishwa kutoka pwani yetu kwenda kutengeneza ngozi. Tanini ikikutana na kutu hugeuka kuwa rangi ya buluu iliyokoza inayokaribia weusi, na hapo rangi hushika. Sisemi mtu akakate mikoko. Chupa ya dukani inatosha.

Kuhusu injini sina mengi. Iwe ile ya mwanzo ya sentimita za ujazo 803, ya 948 iliyoanza mwaka 1956, au ya 1098 iliyoanza mwaka 1962, ni injini nyepesi kufahamika, na vipuri vyake bado vinatengenezwa Uingereza. Hakuna gari la aina hii lililokufa kwa injini.

Kazi yenyewe ni mbao, na hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na msomaji mwenzangu, aliyesema kwamba ufundi huo haupo kwetu. Fundi wa gereji hana, hilo nakubali. Lakini nguzo za nyuma za Traveller zimepinda, na kuchagua mti ambao nyuzi zake zinafuata mpindo, badala ya kuukata mpindo katika ubao ulionyooka, ni jambo ambalo mafundi wa vyombo wa Nungwi na wa huku Pemba hulifanya kila wanapotafuta mataruma, yaani mbavu, za jahazi. Mpindo uliokatwa katika ubao ulionyooka huacha nyuzi fupi katikati, na hapo ndipo mbao inapokatika siku gari linapoingia shimoni. Mzee mmoja mjenzi wa mashua aliyekuja kunisaidia hakuwahi kuligusa gari maishani mwake. Aliitazama nguzo ya zamani, akaipapasa mpindo wake, akaniambia niache kupima na badala yake nikamtafutie tawi. Alisema kweli.

Mbao za zamani zisitupwe hata kama zimekuwa unga nusu nzima, kwa sababu ndizo kigezo pekee cha umbo na cha mahali pa kila tundu. Ziungwe kwa muda kwa vipande vya ubao, zichorwe juu ya mbao mpya, na viungo vichongwe kwa patasi vya ulimi na tundu kama vilivyokuwa, si kugonganisha ncha kwa ncha na kupiga msumari. Mti wa ash hatuna. Mimi nimetumia mvule, ambao uzito wake haupishani sana na wa ash na ambao maji hauyaogopi, ingawa haupindi kwa wepesi ule na ndani yake hujificha vijiwe vinavyoharibu makali ya randa. Vumbi lake nalo huwasha pua na ngozi, kwa hiyo mtu afunge kitambaa usoni. Msaji ni mzuri pia, ila una mafuta, na kabla ya kutia gundi sharti sehemu ya kiungo ipanguswe kwa spiriti, la sivyo gundi haishiki. Mti wowote utakaochaguliwa uwe umekauka kivulini vya kutosha. Mbao mbichi ikifungwa leo, kiangazi kitakapoingia itanywea na viungo vitafunguka.

Wapo wanaopaka oili chafu ya injini juu ya mbao kwa kuona kwamba haina gharama. Oili hiyo huifanya mbao iwe nyeusi, hushika vumbi, na baadaye hakuna gundi wala vanishi inayokubali kukaa juu yake. Sifa, yaani mafuta ya papa, tunayopaka vyombo vyetu vya baharini ni bora mara nyingi kwa mbao, lakini sidhani yupo atakayevumilia harufu yake ndani ya gari lililofungwa vioo. Vanishi ya vyombo vya baharini, ipakwe tabaka kadhaa na hasa kwenye ncha zilizokatwa, kwa kuwa maji huingia mbao kupitia nchani, ndiyo iliyobaki. Na irudiwe kila mwaka, kabla ya masika.

Jambo moja dogo ambalo mafundi hulipuuza ni skrubu. Skrubu ya chuma iliyopita katika alumini na kuingia katika mbao yenye unyevu wa chumvi huifanya alumini iliwe kwa kuizunguka, ndiyo ule unga mweupe tunaouona pembezoni mwa kila kichwa cha skrubu, na ndani ya mvule chuma hicho hicho huacha doa jeusi na kuoza. Ziwekwe skrubu za chuma kisichoshika kutu, na kila metali mbili tofauti zinapokutana patiwe kipande cha mpira au praima nzito katikati.

Kwa wanaokusudia kuyauza magari haya kwa wanunuzi wa chuma chakavu, nina ombi, Mhariri, na ndilo hasa lililonisukuma kuandika. Mbao huchongwa upya na bati huchomelewa, lakini bawaba za milango ya nyuma, vitasa vyake na mifereji ya vioo vya ubavuni ni vigumu kuvitengeneza hapa, na kuviagiza Uingereza kwa nauli na ushuru ni gharama kubwa, ilhali kwa mnunuzi wa chuma vitu hivyo ni gramu chache tu juu ya mizani. Vifunguliwe na viwekwe kando kabla gari halijapakiwa. Mwenye navyo na asiye na haja navyo aache habari katika ofisi ya gazeti hili, ikiwa Mhariri utaridhia, nami nitavinunua kwa bei ya haki, au nitampa nakala ya vigezo vya mbao nilivyokwisha kuvichora, apendacho yeye.

Wako,
Seremala mstaafu,
Wete, Pemba.