Kwa binti yangu aliye Winnipeg

Mwanangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Musoma tu wazima, mvua zimechelewa kidogo lakini mihogo imeshika. Barua yako tumeisoma pamoja na mama yako. Unasema mwenzako wa kazini alizaliwa katika koloni la Wamennonite huko Bolivia, yaani makazi ya wakulima wa kanisa hili letu linalokataa silaha na kubatiza watu wazima tu, akaondoka kabla ya kubatizwa, na kwamba alipokuambia wewe na yeye ni kanisa moja hukujua la kumjibu. Halafu mwisho kabisa, kwa mstari mmoja tu, umeniuliza kama naumia kwamba umefika umri huo bila ubatizo. Mama, nitakujibu yote mawili kwa pamoja, maana ni neno moja.

Rafiki yako amekuambia kweli. Sisi watu wa Mara tuliletewa Injili na Wamennonite wa Marekani waliofika Shirati mwaka 1934. Kwa akina yeye safari ni ndefu zaidi. Mababu zao walitoka pande za Uholanzi, wakalima bonde la mto Vistula, na kuanzia mwaka 1789 wakaingia Urusi kwa mwaliko wa malkia Katarina, wakiahidiwa kwamba vijana wao hawatashikishwa bunduki. Mwaka 1874 Urusi ikaweka jeshi la lazima, na maelfu wakahamia Manitoba, hapo hapo ulipo wewe. Baadaye Kanada nayo ikataka watoto wasome shule za serikali kwa Kiingereza. Wenye msimamo mkali wakauza mashamba, na mwaka 1922 wakapanda treni na mifugo yao hadi Chihuahua, Mexico. Vizazi vyao ndivyo vilivyoenea Belize na Bolivia.

Kundi jingine kutoka Kanada lilikwenda nyika ya Chaco, Paraguay. Walipofika bandari ya Puerto Casado ardhi waliyonunua ilikuwa haijapimwa, wakakaa kambini miezi mingi, homa ya matumbo ikawaingia. Zaidi ya watu 100 walizikwa, wengi wao watoto. Wengine walirudi Kanada. Waliobaki wakajitosa porini mwaka 1927 na kuanza kufyeka. Nikiwafikiria wazazi wale naishiwa maneno. Unamzika mtoto ugenini ili ndugu zake wakue katika imani uliyoahidi kuwarithisha.

Nilipokwenda Asunción, mji mkuu wa Paraguay, mwaka 2009, kwenye mkutano wa Wamennonite wa dunia nzima, tulitembezwa katika koloni moja la wale wa mila za zamani. Trekta zao zina magurudumu ya chuma matupu. Matairi ya mpira yamekatazwa, maana kijana mwenye trekta la mpira ataliendesha hadi mjini. Kanisani wanaume upande huu, wanawake upande ule, kofia za wanaume zimetundikwa juu kwenye vigingi, na wimbo unakokotwa polepole bila kinanda, ubeti mmoja ukajaza muda ambao kwaya yetu ingemaliza nyimbo mbili. Walinikaribisha mkate na jibini ya kwao. Sijawahi kuona watu wanaoaminiana hivyo: nyumba ya mjane inajengwa na kijiji kizima, wala hakuna anayeuliza malipo. Hilo nalitamani kwetu mpaka leo.

Lakini binti wa nyumba niliyolala alikuwa ameshamaliza shule, na alikuwa mtoto tu. Alisoma Katekisimu, Agano Jipya na Biblia kwa Kijerumani cha kanisani, tofauti na kile wanachoongea nyumbani, na Kihispania cha nchi yake hakukijua. Mtu wa namna hiyo akidhulumiwa atakimbilia wapi? Huko Santa Cruz, Bolivia, mwaka 2011 mahakama iliwafunga wanaume wa koloni moja kwa kuwabaka usiku wanawake na wasichana wa koloni lao, na kwa miaka mingi waliolalamika hawakuaminiwa. Kukataa silaha ni vema, nami nitakufa nikiamini hivyo. Ila ukimya wa mwanamke aliyeumizwa usiitwe amani.

Na kuna jambo linalonigusa zaidi kwa sababu ya swali lako. Kanisa letu lilianza Zurich, Januari 1525, watu wazima walipobatizana kwa hiari wakijua wanahatarisha maisha. Miaka miwili baadaye Felix Manz alizamishwa mtoni Limmat kwa kosa hilo. Alikufa akishikilia kwamba imani haibebeshwi mtoto mgongoni, mtu huichagua mwenyewe. Sasa tazama: kwenye makoloni yale kijana hawezi kuoa wala kuolewa bila kubatizwa, kwa hiyo wengi hubatizwa harusi inapokaribia, na akishabatizwa akaondoka hutengwa. Maji yapo, maneno ya kukiri yapo. Hiari ndiyo siioni vizuri.

Ndiyo maana hatukukubatiza ulipokuwa mchanga, bibi yako aliponung'unika vile. Ndiyo maana pia sitakuharakisha sasa. Ningependa uamini, na kila usiku namwomba Mungu hivyo kwa jina lako. Ila sitaki uingie majini ili mimi nipate amani. Ukichagua, nitafunga safari. Usipochagua, wewe ni mwanangu vile vile, na ada ya chuo nitaituma tarehe ile ile.

Rafiki yako usimhukumu kwa kuondoka, wala wazazi wake kwa kubaki. Mama yako anasema ukija Desemba uje naye, atawapikia sato.

Baba yako