Barua kwa mwanangu anayekesha

Mwanangu,

Mdogo wako limemponyoka neno: eti wiki nzima hulali kwa ajili ya mtihani. Sikugombezi. Ila lala.

Unachosoma usiku hakikai kichwani papo hapo. Kwanza hushikwa na hipokampasi, kijisehemu kilichojikunja ndani ya ubongo usawa wa masikio, kimoja kila upande. Ukiwa kwenye usingizi mzito, hipokampasi huyarudiarudia ya mchana, na miunganisho ya seli kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, ikaimarika kidogo kidogo. Kazi hiyo ndiyo unayoikatiza. Na kesho yake hipokampasi iliyochoka hupokea mapya kwa shida, kwa hiyo unapata hasara mara mbili.

Usiniambie tena kwamba gitaa unalipiga vizuri tu bila kulala. Mmarekani mmoja, Henry Molaison, alipasuliwa ubongo mwaka 1953 kutibu kifafa, akiwa na miaka 27, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Tangu hapo, mtu aliyezungumza naye akitoka chumbani na kurudi, kwake alikuwa mgeni. Lakini alijifunza kuchora nyota kwa kuitazama kwenye kioo, kila siku akikosea kidogo zaidi, huku akiapa hajawahi kuichora. Ustadi wa vidole una njia yake. Fomula zako hazipiti huko.

Kichwa chako ni chepesi, nacho ndicho kinachokudanganya. Unapitia daftari mara nne, unayazoea maandishi, unadhani umeelewa. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima hilo mwaka 2006: baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliwashinda waliojipima, baada ya wiki, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Basi funga daftari, andika unachokumbuka, ndipo ufungue usahihishe. Fanya hivyo leo, kesho, halafu baada ya siku 3, halafu wiki. Ukikwama usikimbilie jibu; ile dakika ya kuhangaika ndiyo yenye faida. Kisha lala.

Najua ni nani aliyekuwa akikusimamisha mezani ukariri ukurasa mzima ndipo uruhusiwe kwenda kitandani. Tuliache hilo.

Funguo za stoo hatuzioni. Mama yako anaapa alikukabidhi mkononi siku unaondoka. Mimi naona kabisa nikizitundika nyuma ya mlango, hata mlio wake nausikia. Mmoja wetu anakosea bila kusema uongo: kumbukumbu haitolewi kama faili, hujengwa upya kila inapoitwa, na pengo huzibwa na kilicho karibu. Kadiri tunavyobishana ndivyo kila mmoja anavyozidi kuwa na hakika na toleo lake.

Hebu pekua begi lako. Lakini asubuhi, si usiku huu.

Baba yako